Mikoba ya shanga ya zamani: umri wake hujulikanaje, na husafishwaje?

Mpenda Mikoba:
Habari zenu. Ninaishi Marekani, na kila nipitapo kwenye maduka ya hisani yanayouza vitu vilivyotumika huangalia kwanza mikoba midogo ya shanga, ile ya kuendea harusini. Juzi nimepata miwili: mmoja mweupe wenye lebo ya Hong Kong, na mwingine usio na lebo, wa shanga za rangi ya shaba, mzito ajabu kwa udogo wake. Naomba kujua ni ya miaka gani, na kama ule mweupe, ulioingia uchafu, unaweza kufuliwa.

Fundi Shanga:
Mikoba ya Hong Kong iliuzwa nje kwa wingi katika miaka ya 1950 na 1960, hivyo wako yaelekea ni wa wakati huo. Ni mzuri, lakini hautakutajirisha. Kwa jumla lebo ndiyo shahidi wa kwanza, kwani inayotaja Chekoslovakia, kwa mfano, haiwezi kutangulia mwaka 1918, nchi hiyo ilipoundwa. Huo wa pili usogezee sumaku. Ikinasa, shanga hizo ni za chuma, kazi iliyovuma sana Ufaransa na kupendwa mno katika miaka ya 1920. Yote miwili usiitie maji.

Mshona Magauni:
Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu chuma, maana hushika kutu, lakini shanga za kioo zaweza kupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo sana, mradi kitambaa kilichoshikilia shanga kisilowe. Tahadhari na puleki: nyingi za miaka ya 1930 ni za jelatini, nazo huyeyuka majini. Jambo jingine ni nyuzi zinazoning'inia. Shanga nyingi zilishonwa kwa kulabu, kwa mshono wa mnyororo, na ukivuta ncha iliyolegea mstari mzima humwagika sakafuni. Ipitishe ndani kwa sindano nyembamba, kisha uifunge fundo.

Mpenda Mikoba:
Asanteni sana. Sumaku imenasa! Ila bitana yake ya hariri imechanika vibaya, niibadilishe?

Fundi Shanga:
Hapana, iache. Mnunuzi anayejua mambo huitazama bitana kabla ya shanga, na mpya humtia shaka. Ulaze mkoba bapa ndani ya karatasi laini isiyo na asidi, wala usiutundike, kwa sababu uzito wa chuma hukata nyuzi zilizochakaa.