Mjadala: "Umetumwa na nani?" Kazi za Lubumbashi ziendelee kupitia ndugu?

Mleta hoja, Lubumbashi

Ndugu zangu wa hapa, wa Likasi na wa Kolwezi, naomba tulizungumze waziwazi. Nilimsindikiza mdogo wangu, fundi umeme, kupeleka dosiye ya kuomba kazi kwenye kampuni moja inayohudumia migodi. Mlinzi hakumuuliza amesomea nini. Aliigeuza bahasha mbele na nyuma, akauliza: "Umetumwa na nani?" Hajatumwa na mtu. Bahasha ikawekwa dirishani pamoja na nyingine, juu yake chupa ya maji. Baada ya wiki mbili tulirudi kuulizia. Ilikuwa palepale, ina alama ya duara la chupa.

Mimi nasema kampuni zibandike tangazo, majina yafichwe kwanza, kila mtu apewe jaribio la kazi. Na tusiwasingizie wageni tu: sheria ya 2017 imetenga kandarasi ndogo, yaani kazi ambazo kampuni kubwa huzigawia kampuni nyingine, kwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongomani. Milango mingi sasa tunaifunga wenyewe.

Kwa nini kuficha majina? Marekani, katika miji ya Boston na Chicago, watafiti walituma maelfu ya sivi (maelezo ya elimu na uzoefu) za kubuni kujibu matangazo ya kazi, matokeo yakatoka 2004. Sifa zilifanana, majina yakatofautiana. Mwenye jina la kizungu alihitaji kutuma kama 10 apate kuitwa mara moja. Mwenye jina la Mmarekani mweusi, kama 15. Hapa kwetu pia jina linasema: huyu wa Kasai, huyu wa Haut-Lomami, huyu wa mkoa wetu wa Tanganyika. Wakubwa wetu wanakumbuka 1992 na 1993, familia zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa Likasi na Kolwezi, zikalala vituoni zikisubiri treni.

Fundi mstaafu, Likasi

Mwanangu, pole kwa mdogo wako. Lakini usiutukane udugu. Mimi niliingia Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, kwa mkono wa baba, naye aliingia enzi ya Union Minière, ile ya Wabelgiji iliyoitangulia. Nilikulia kambi ya wafanyakazi, kabla sijaajiriwa nilikuwa nautambua mlio wa pampu mbovu. Na baba alipotaja jina langu aliweka heshima yake rehani. Ningeiba hata kipande cha waya, aibu ingekuwa yake. Mtihani unamwachia nani aibu? Maswali yenyewe si yanauzwa?

Tena sikupokelewa bure. Msimamizi aliniwekea mota mezani, akasema: ifungue, tafuta kosa, ifunge. Nilimaliza jioni, vidole vyeusi.

Dada wa Kamalondo

Papa, kwa heshima: baba yako alikuwa na mabinti wangapi, na alimpeleka yupi?

Kwetu wameandika ukutani kwamba wanaangalia uwezo tu. Nimewafundisha uhasibu vijana wawili, leo wote wananiamuru. Watafiti Emilio Castilla na Stephen Benard walijaribu jambo hili mwaka 2010. Waliwapa watu wenye uzoefu wa uongozi kazi ya kugawa bonasi. Walioambiwa kwamba kampuni inathamini uwezo ndio waliompa mwanamume zaidi ya mwanamke aliyefanya kazi sawa naye. Kwa hiyo mleta hoja, tangazo zuri peke yake halitanisaidia. Nataka anayepandisha cheo aandike sababu, na sababu hiyo isomwe na mtu mwingine.

Mleta hoja

Dada, nakubali, nilisahau kwamba dhuluma inaendelea hata baada ya kuingia.

Papa, hoja ya rehani imenigusa. Anayependekeza mtu aandike jina lake na awajibike. Ila watu wa nyumba moja wanajua mambo yaleyale. Mtafiti Mark Granovetter aliwachunguza wafanyakazi wa Newton, karibu na Boston, akaandika 1973: kati ya waliopata kazi kupitia mtu, kama mmoja tu kati ya sita ndiye aliyesaidiwa na mtu waliyekuwa wakionana mara kwa mara. Wengine wote, habari ililetwa na mtu wa mbali zaidi. Naye mtafiti mwingine, Ronald Burt, 2004, alikuta katika kampuni kubwa ya elektroniki ya Marekani kwamba mawazo yaliyothaminiwa zaidi yalitoka kwa wakubwa wanaofahamiana na watu wa vikundi mbalimbali, si kwa waliojifungia katika kimoja.

Sasa fikiria karakana imejaa binamu watupu. Pampu inaharibika kila mwezi mahali palepale. Kijana anaona inafungwa vibaya, lakini aliyeifunga ni mjomba aliyemwingiza kazini. Atasema? Atanyamaza, wataagiza nyingine.

Na ile mota, Papa, ndiyo ninayoiomba. Mdogo wangu awekewe mezani, na mtoto wa mkubwa awekewe kama hiyo, siku moja, chumba kimoja. Akishindwa, nitakwenda mwenyewe kuichukua bahasha yake pale dirishani.