Kufikisha thamani ya JavaScript kwenye PHP

Muulizaji
Wakuu, naomba msaada. Nina fomu ya oda ambamo JavaScript (msimbo wa upande wa kivinjari) hukokotoa jumla kila mtumiaji anapobadilisha idadi ya bidhaa, na jumla hiyo huonekana vizuri kwenye skrini. Shida huanza ninapotaka PHP (msimbo wa upande wa seva) iihifadhi. Katikati ya skripti nimeandika `<?php $jumla = jumla; ?>`, lakini kinachoingia kwenye hifadhidata ni neno lenyewe "jumla", wala si namba. Seva inatumia PHP 7. Nimekosea wapi?

Jibu la kwanza
Umekosea kwenye suala la nani anatangulia. JavaScript inapoanza kazi ndani ya kivinjari, mstari wako wa PHP umekwisha kutekelezwa kwenye seva. Ndiyo maana ukifungua chanzo cha ukurasa kwenye kivinjari huuoni kabisa. PHP 7 ikikutana na `jumla` bila alama ya dola hudhani ni konstanti (jina la thamani isiyobadilika), na isipoipata hulichukua neno hilo kama maandishi na kutoa onyo tu. PHP 8 ingekataa kuendelea, na kwa kweli ingekusaidia zaidi.

Kwa hiyo thamani haina budi kusafiri kwa ombi jipya la HTTP, yaani ombi linalotoka kwenye kivinjari kwenda kwenye seva. Kwa kuwa fomu unayo tayari, ongeza uga uliofichwa:

`<input type="hidden" name="jumla" id="jumla">`

Kisha, kila unapomaliza kukokotoa:

`document.getElementById('jumla').value = jumla;`

Upande wa PHP utaisoma kwa `$_POST['jumla']`, mradi fomu inatumwa kwa njia ya POST. Usisahau `name`, kwani uga wenye `id` peke yake hautumwi.

Muulizaji
Ahsante, imekubali. Hata hivyo ningependa kuhifadhi bila kupakia ukurasa upya, nami nimejaribu `fetch` (ya kutuma ombi kutoka ndani ya JavaScript) pamoja na `JSON.stringify` (ya kugeuza data kuwa maandishi ya muundo wa JSON). Zana za kivinjari zinaonyesha kuwa data imetumwa, ila `$_POST` ni tupu.

Jibu la pili
Hilo limewasumbua wengi, nami nikiwemo. PHP huijaza `$_POST` pale tu data inapokuja kwa muundo wa fomu, na JSON haimo. Ama uisome mwenyewe kwa `json_decode(file_get_contents('php://input'), true)`, ama utume `new FormData(fomu)` badala ya JSON. Mimi hupendelea njia ya pili, kwa sababu msimbo uleule wa PHP unapokea fomu ya kawaida na `fetch` bila kubadilishwa.

Jibu la tatu
Wenzangu wameeleza vyema namna ya kuituma, lakini mimi nisingeihifadhi jumla hiyo hata kidogo. Uga uliofichwa umefichwa machoni tu: yeyote anayejua kufungua zana za kivinjari anaweza kuandika namba aitakayo kabla ya kubonyeza kitufe. Tuma kitambulisho cha bidhaa na idadi, uhakikishe kwamba idadi ni namba kamili iliyozidi sifuri, kisha PHP isome bei kwenye hifadhidata na kukokotoa upya. Jumla ya JavaScript ibaki kuwa ya kumwonyesha mteja.

Muulizaji
Nimejaribu sasa hivi: nimefuta jumla kwenye uga, nikaandika 1, nikatuma, na oda imepokelewa kwa 1. Ninauondoa uga huo leo hii.