Mjadala: Je, picha inatosha kumpa nzi mpya jina la kisayansi?

Mwanzisha hoja, Tanga mjini

Ndugu zangu, mwaka 2015 wataalamu wawili, Stephen Marshall na Neal Evenhuis, walimpa nzi wa Afrika Kusini jina la Marleyimyia xylocopae bila kuwa na mwili wake. Walichokuwa nacho ni picha tu. Nzi huyo amefanana mno na nyuki-seremala, yule mkubwa anayetoboa boriti za mabanda yetu na kuacha unga wa mbao chini, na jamaa zake wengi, wakiwa bado mabuu, hula wadudu wengine mpaka wakawaua. Kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama inaruhusu jambo hilo, kwa kuwa huhesabu kwamba sampuli, yaani mdudu ambaye jina humtegemea, ni yule aliyepigwa picha, hata kama ameruka akaenda zake.

Mimi napinga. Nzi wawili walio kama pacha hutofautishwa kwa vishipa vya mabawa, kwa mpangilio wa vinyweleo vya miguuni, na mara nyingi kwa viungo vya uzazi vya dume, ambavyo havionekani vyema mpaka apasuliwe chini ya hadubini. Picha haipasuliki. Sisi wa Tanga tunajua uzito wa jina: hapa ndipo walipozalishwa mbung'o wa spishi ya Glossina austeni, madume wakafanywa tasa kwa mionzi na kumwagwa kwa ndege juu ya Unguja ili wapandane na majike wa spishi yao bila kupata watoto, hata mbung'o wa mwisho akanaswa mwaka 1996. Lau spishi ingekosewa, kazi yote ile ingekwenda bure.

Mwalimu mstaafu, Muheza

Mwanangu, hoja yako nimeielewa, lakini unauamini mwili kupita kiasi. Sampuli nyingi za mimea ya Usambara zilizokusanywa zama za Wajerumani zilipelekwa kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa huko Berlin, na mwaka 1943 hifadhi ile iliungua kwa mabomu. Picha ingekuwa na nakala kila mahali. Tena wako wadudu wanaoonekana mara moja kisha wasionekane kwa miaka. Je, wakae bila jina huku msitu wao unakatwa?

Mwanzisha hoja

Shikamoo, Mwalimu. Moto ule unaniuma mimi pia, ila kilichowaokoa wataalamu wa mimea ni sampuli pacha zilizokuwa zimegawiwa hifadhi nyingine kabla ya vita, si michoro peke yake. Kwa hiyo dawa ni kuhifadhi miili zaidi ya mmoja, katika hifadhi zaidi ya moja, na mojawapo iwe hapa nchini, ili kijana wa Amani, kule Usambara, asilazimike kuomba visa kwenda kumtazama nzi wa kwao. Kuhusu msitu, picha itangazwe siku hiyo hiyo, pamoja na mahali na tarehe, ili watu waende kutafuta. Hilo halihitaji jina. Mnyama ambaye wamebaki wachache ningekubali asiuawe, atolewe damu au unyoya. Lakini kwa nzi, mguu mmoja tu uliokauka hutupatia vinasaba, na picha nzuri kuliko zote haina hata kimoja.