Ushauri: masaa ya huduma za jamii hayajatimia na mwisho ni Ijumaa

Taa ya Usiku
Wakuu, habari za muda huu. Niende moja kwa moja. Nasoma chuo, ada nimesamehewa yote. Sharti lake ni kwamba kila muhula utumikie jamii masaa 40 bila malipo, na fomu iwe imefika ofisini kabla ya Ijumaa. Usipotimiza, muhula unaofuata unajilipia mwenyewe, na mimi huo ubavu sina. Nimepangiwa kituo cha watoto: jioni tunawasimamia kusoma, baada ya hapo tunafua mashuka. Mpaka sasa nina masaa 11. Hayo 29 yaliyobaki naweza kuyapata vipi ndani ya siku nne? Na je, huwa wanasamehe? Msinitukane jamani, kichwa kinaniuma tayari.

Mkia wa Pundamilia
29 gawa kwa 4 ni saba na ushee kwa siku. Hiyo ni zamu ya kawaida ya binadamu mzima. Kafue mashuka, acha kuandika nyuzi.

Kalamu Mbili
Mimi niulize swali la msingi. Kujitolea kwa lazima ni kujitolea gani? Waseme tu kwamba ni malipo tuelewane. Mwenye pesa analipa ada anaenda kulala, asiye nacho anafua mashuka. Halafu kwenye mahafali wanakuja kutuhutubia kuhusu moyo wa uzalendo.

Bibi Kalenda
Kalamu Mbili umeanza. Mexico mwanafunzi wa chuo kikuu, awe wa tajiri au wa maskini, hapewi shahada mpaka amalize huduma ya jamii, na si chini ya masaa 480. Chuo kikuu chao kikubwa, UNAM, kilianza na wanafunzi wa udaktari mwaka 1936, wakapelekwa vijijini. Huyu wetu 40 tu machozi yanamtoka.

Kalamu Mbili
Bibi, umenisaidia. Mexico ni WOTE, na hiyo ndiyo hoja yangu. Wala si kila ada ya bure inadai masaa. New York walipoanzisha ule mpango wa Excelsior mwaka 2017 hawakumtuma mtu kufagia. Masharti yao ni kwamba ukimaliza ukae ndani ya jimbo miaka ileile uliyosomeshwa, ukihama pesa inageuka mkopo. Kila mahali wana kamba yao ya kukufungia.

Fundi Stuli
Tennessee, jimbo lingine la Marekani, ni masaa 8 tu kwa muhula, wale wanaosoma bure kwa mpango wa Tennessee Promise. Lakini ukipitisha tarehe, umetoka. Kwa hiyo mleta uzi asidhani uchache wa masaa ndio huruma. Tarehe ndiyo inaua watu.

Shuka Jeupe
Mmenikumbusha mbali. Mimi nilipangiwa kumsomea gazeti mzee mmoja asiyeona. Siku ya kwanza nimefungua siasa, akanizuia: "Anza na vifo." Kila siku tunaanza na vifo. Nikikosea jina la ukoo ananirudisha, anasema marehemu ataitwaje kama wewe hujui kumtamka. Masaa yangu yalikwisha, nikaendelea kwenda karibu miaka miwili. Fomu yenyewe sikumbuki hata ilikuwa na rangi gani.

Taa ya Usiku
Asanteni kwa michango, ila swali langu bado. Wanasamehe au hawasamehi?

Mama Daftari
Mwanangu, nimepokea fomu za aina hii miaka sita kwenye ofisi ya wanafunzi, sasa nimestaafu. Naweza kukusaidia, ila kwanza nijibu mawili. Kituoni mnasaini daftari la mahudhurio? Na fomu yako iko wapi muda huu?

Taa ya Usiku
Daftari lipo mama. Fomu nayo ipo.

Mama Daftari
Ipo wapi?

Taa ya Usiku
Mama, tusitoke kwenye mada. Mimi nataka kujua tu utaratibu wa kuongezewa muda.

Fundi Stuli
Hahaha, mtu kaulizwa fomu iko wapi, anajibu utaratibu. Kuna kitu hapa.

Mama Daftari
Anayeomba kuongezewa muda ni yule ambaye bado ana fomu mkononi.

Taa ya Usiku
Sawa. Niliipeleka jana. Imeandikwa 40.

Kabla hamjanirukia, nisikilizeni. Msimamizi alikuwa anasafiri, akanisainia karatasi ikiwa tupu, akaniambia utajaza mwenyewe. Nikajaza. Sikughushi sahihi ya mtu. Na ndiyo maana natafuta hayo 29 wiki hii, niyafanye kweli, ili kilichoandikwa kiwe kweli. Kuna tofauti gani kama nimeandika kwanza nikafanya baadaye?

Bibi Kalenda
Tofauti ni ile ya kula kwanza na kunawa baadaye. Tumbo litakuambia.

Kalamu Mbili
Mimi simhukumu. Msimamizi anayesaini karatasi tupu ndiye wa kuulizwa. Wameugeuza huo utumishi kuwa karatasi, kwa hiyo watu wanapeleka karatasi. Mnashangaa nini?

Mkia wa Pundamilia
Wakuu, shusheni vikombe. Hii ni CHAI, tena sukari imezidi. Nimepitia nyuzi zake za nyuma. Mwezi uliopita mtu huyuhuyu, jina hilihili, alikuwa anauliza binti yake anaharisha kila jino likitaka kutoka afanyeje. Leo ni mwanachuo anayesimamiwa na kituo. Kesho atakuwa rubani.

Fundi Stuli
Nilijua tu. Masaa 11 kamili, siku nne kamili, msimamizi kasafiri. Mbona imenyooka hivi kama rula?

Shuka Jeupe
Na mimi nimemwaga stori yangu ya mzee bure kabisa.

Taa ya Usiku
Mkia, asante kwa kunipekua. Mtoto ninaye. Mke ninaye. Nina miaka 33 na nipo mwaka wa kwanza, kama kuna sheria inayokataza niletee. Usiku nalinda geti, natoka saa kumi na mbili asubuhi, darasa linaanza saa mbili. Kituo wanatutaka saa kumi jioni, na hiyo saa kumi ndiyo saa pekee ninayolala. Hayo masaa 11 kuna siku nilisinzia nimeshika shuka kwenye beseni, mtoto wa kituo akaja kuniambia "Mwalimu, maji yamepoa." Sasa ita chai.

Mkia wa Pundamilia
Mh.

Bibi Kalenda
Mbona hilo hukulisema mwanzo, mdogo wangu? Umeanza na hesabu.

Taa ya Usiku
Niliona nitaonekana natafuta huruma.

Mama Daftari
Hapo ndipo pa kuanzia. Ulipopangiwa ulitakiwa kupeleka barua ya kazi ya usiku, ukaomba kituo cha asubuhi au cha mwisho wa wiki. Tuliwabadilishia wengi. Limepita hilo. Nikueleze sisi tulivyokuwa tukifanya, maana ofisi zinatofautiana. Aliyepungukiwa masaa tulimhesabu kama mwenye shida ya ada: tunakaa naye, wengine tuliwaruhusu walipe masaa hayo wakati wa likizo. Aliyedanganya masaa, faili lake linatoka mezani kwangu linaenda kwenye nidhamu, na huko sikuwa na sauti. Wewe sasa hivi uko katikati ya meza hizo mbili. Hawajakuita. Nenda kabla hawajakuita, sema fomu ile ina makosa, masaa halisi ni 11, unaomba kuibadilisha.

Na usidhani hatuoni. Huwa tunalinganisha fomu na daftari. Mtu anayehudhuria kweli anasaini leo kwa wino wa bluu, kesho mweusi, siku nyingine kalamu imegoma amekwaruza. Aliyejaza kwa mkupuo, sahihi zake zote zimelala upande mmoja, wino mmoja, na kwa kawaida kuna siku moja aliyosahau kwamba kituo kilifungwa.

Taa ya Usiku
Mama, hilo la daftari.

Mama Daftari
Ndiyo?

Taa ya Usiku
Ninalo hapa. Nililichukua Jumamosi.

Fundi Stuli
LA HAULA.

Kalamu Mbili
Hapa mwenzenu najitoa kwenye utetezi.

Mama Daftari
Umeandika ndani?

Taa ya Usiku
Siku mbili. Ya tatu mkono ulikataa, nikaja kufungua huu uzi.

Mama Daftari
Usifute, usirashie chochote, usichane. Daftari hilo lina masaa ya wenzako pia, kuna mtu anaweza kukosa muhula kwa sababu liko kwako.

Taa ya Usiku
Hilo sikuwa nimelifikiria, naapa. Natoka zamu saa kumi na mbili. Nianzie kituoni au ofisini? Na niende nalo, au kwanza niende mikono mitupu niongee nao?

Mama Daftari
Kituoni kwanza, nenda nalo. Kalamu acha nyumbani.

Mkia wa Pundamilia
Mkuu, yaishe. Meno ya binti yalitoka?

Taa ya Usiku
Mawili. Ya chini.