Mama anabanwa kifua akipanda ngazi, anasema ni asidi

Binti_wa_Gikomba: Hamjambo wadau. Mama yangu ana miaka 58, anauza mitumba Gikomba. Tangu Pasaka, akipanda ngazi za kwetu Umoja (tuko orofa ya nne, na maji ni ya kubeba), kifua kinambana hadi anashika ukuta. Akikaa kidogo kinaachia. Juzi ameongeza kwamba taya nalo linavuta. Yeye ameshaamua ni asidi, anakunywa maziwa. Ana sukari, na presha hajapima tangu wakati wa korona. Nianzie wapi bila kumtisha?

Nesi_Eastlands: Pole dada. Asidi haijui ngazi. Kiungulia huja ukishiba au ukilala. Kinachokuja na kazi na kuondoka ukipumzika, hicho tunakihesabu kuwa moyo unakosa damu ya kutosha hadi vipimo vikatae. Na mwenye sukari, hasa mwanamke, huenda asisikie kabisa yale maumivu ya kuanguka umeshika kifua kama kwenye sinema. Huishiwa pumzi, huchoka ovyo, hutaka kutapika.

Hilo la taya limenifanya niseme mpeleke leo, usingoje mwisho wa mwezi. Watampima presha, sukari, mafuta kwenye damu na ECG (kipimo cha umeme wa moyo). Sasa sikiliza: ECG inayopimwa amelala inaweza kutoka safi kabisa na shida bado ipo. Kwa hivyo mweleze daktari habari ya ngazi vile ulivyotueleza hapa, na uulize kama anahitaji kupimwa moyo huku anatembea au anafanya mazoezi. Na kifua kikimbana akiwa amekaa tu, kisiachie, au jasho baridi limtoke, hiyo ni kesi ya dharura, hata kama ni saa nane usiku.

Dere_Mstaafu: Ukifika mlangoni sema "kifua". Ukisema "tumbo" utapangwa foleni na wenye kuhara. Akikataa kwenda, muite CHP (mhudumu wa afya ya jamii) wa mtaa wenu. Tangu 2023 wanatembea na mashine ya presha kwenye begi.

Binti_wa_Gikomba: Asanteni. CHP wetu kumbe wako chama kimoja na mama, amekuja hata kabla ya chai. Presha 168 kwa 102, akarudia, karibu vilevile. Mimi nimebembeleza wiki nzima bure, lakini mwenzake wa chama amesema mara moja tu, sasa mama anatafuta kitambulisho na kuuliza kama bima yake ya afya ya SHA iko sawa. Tunatoka.