Nikisimulia ajali yangu watu wanasema "pole". Richard Pryor alifanyaje?

Dogo wa Kigamboni
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mchekeshaji chipukizi, wikiendi napanda jukwaani kwenye baa moja hapa Dar. Nina kisa cha kweli: bodaboda, mtaro, mguu kwenye plasta, mama mkwe mtarajiwa kaja wodini na chupa ya uji. Kijiweni watu wanavunjika mbavu. Jukwaani meza za mbele zinaniangalia kwa huruma, na juzi dada mmoja akasema kwa sauti, "Pole jamani." Kisa kikafia hapo.

Nimeshauriwa nisikilize albamu ya Pryor, yule mchekeshaji wa Marekani, Live on the Sunset Strip. Nimeisikiliza, sauti tupu. Jamaa anasimulia alivyoungua moto nusura afe, ukumbi mzima hoi! Kiingereza chake cha mtaani kinanipita kidogo. Alifanyaje hadi wasimpe pole?

Mzee wa Santuri, Mombasa
Mwanangu, pole zake alishapewa zamani. Aliungua Juni 1980, albamu ikatoka 1982. Waliokwenda ukumbi wa Hollywood Palladium kumsikiliza walikuwa wameshasoma kila kitu magazetini. Wako wewe wanaisikia habari palepale, lazima washtuke.

Lakini hebu rudia uone anavyoingia. Anaanza na uongo wa kitoto: eti kabla ya kulala huwa anakula biskuti kwa maziwa, siku hiyo akachanganya maziwa ya aina mbili, kuchovya tu, yakalipuka. Ukumbi mzima unajua ilikuwa kokeini. Wakishaucheka uongo, wameshakubali kuicheka na habari yenyewe. Ndipo anafungua mlango.

Tena angalia nani anaongea. Kinachoongea ni kiko chenyewe cha kuvutia kokeini, kwa sauti ya upole, kama mke anayekubembeleza usitoke usiku. Kinamwambia hao wengine hawamwelewi. Anakuja rafiki yake Jim Brown, yule bingwa wa mpira wa Kimarekani, ana swali moja tu: utafanya nini? Pryor anapiga chenga, swali linarudi lilelile. Pole utaipenyeza wapi hapo? Kuna watu watatu wanavutana na wewe unataka kujua nani atashinda.

Sasa wewe, huo mguu uache. Mpe sauti mama mkwe. Hata mtaro mpe.

Nyambura
Nakubaliana na Mzee, ila mimi kwenye hiyo albamu huwa nangoja kipande cha Nairobi. Alikuja Kenya 1979. Anasema alikaa kwenye ukumbi wa hoteli akitazama watu wakipita na shughuli zao, akagundua kwamba wiki tatu nzima hajatamka lile neno la N, tusi la Kimarekani kwa watu weusi. Neno ambalo alikuwa ameliweka hadi kwenye majina ya albamu zake, ile ya 1974 na ile ya 1976, na zote mbili zikapata tuzo ya Grammy! Akaapa kuliacha.

Ananikasirisha kidogo, niseme ukweli. Wiki tatu, hoteli na simba, ushatuelewa? Angekaa zaidi angesikia vile tunaitana sisi kwa sisi. Lakini skiza ukumbi: kicheko kinakatika, na hana haraka ya kukirudisha. Dogo, wewe kukinyamaza unafanya nini?

Dogo wa Kigamboni
Naongeza sauti dada yangu 😂

Mzee wa Santuri, Mombasa
Nyambura, huyo alilelewa Peoria, Marekani, kwenye danguro la bibi yake. Hakuja kuandika ripoti ya Kenya. Miaka ile nikiuza kanda Mwembe Tayari, kipande hicho wateja walinirudishia dukani tukisikilize upya, na waliobishana kama wewe ndio walionunua.

Kipaza Sauti
Dogo, usiwe mtumwa wa "kisa cha kweli". Kwenye kitabu cha maisha yake cha 1995 Pryor alieleza kwamba alijimwagia pombe kali mwenyewe, akili imeshamruka, akajiwasha. Kwenye albamu ya 1982 hilo hakulisema. Alitoa kiasi ambacho yeye na ukumbi wangeweza kukibeba.

Dogo wa Kigamboni
Basi naanza hivi. Mama mkwe kaingia wodini, kauliza nimepatwa na nini. Namwambia nimegongwa na twiga. Yeye anakoroga uji tu. Halafu: "Twiga wa nani?"

Nyambura
Twiga Kigamboni 😂😂

Mzee wa Santuri, Mombasa
Hapo sawa. Ila akishauliza, usimjibu upesi. Mwache akoroge.

Dogo wa Kigamboni
Na yule dada wa "pole" akiwepo?

Mzee wa Santuri, Mombasa
Mwulize yeye twiga ni wa nani.