Sansevieria ya ukingo wa njano inazaa watoto wa kijani tupu

baraza_nkuhungu:
Wakuu, habari za jioni. Jani la sansevieria Laurentii, ile ya ukingo wa njano, limekatwa vipande vinne na kuchomekwa. Machipukizi yametoka, yote kijani. Pia krasula ya mabaka, ule mmea wa majani manene, iliyo kwenye baraza linalotazama magharibi, sehemu nyeupe zimekauka kama karatasi. Namwagilia kila baada ya siku mbili. Kosa liko wapi?

kitalu_cha_kisasa:
Kwa Laurentii, maji hayahusiki. Mmea ule una tishu za aina mbili zilizokaa pamoja: ukingoni hakuna umbijani, yaani ile rangi ya kijani inayoulisha mmea, katikati upo. Chipukizi la kipande cha jani huanzia kwenye seli chache za tishu ya kijani, kwa hiyo njano haifuati, na haitarudi hata usubiri miaka.

Njia pekee ya kuaminika ni kugawa. Mwaga chungu, kung'uta udongo, utaona shina nene la rangi ya chungwa linalounganisha mama na mtoto. Mtoto akiwa na majani matatu na mizizi yake mwenyewe, kata hapo kwa kisu kilichofutwa spiriti. Kidonda kikauke kivulini siku tatu hadi tano, ndipo upande. Maji baada ya wiki.

mzee_wa_vyungu:
Krasula imeungua. Sehemu nyeupe haivumilii jua kali, na baraza la magharibi mwezi Oktoba hapa Dodoma linapigwa kuanzia saa 8 hadi jua kuzama, huku ukuta nao ukirudisha joto. Hamishia mashariki, ipate jua hadi saa 4 asubuhi, au funga neti ya kivuli ya asilimia 50. Usiifiche chumbani: itarefuka shingo na mabaka kufifia. Yaliyokauka hayaponi, yaache jani lijidondokee.

Maji ya kila siku mbili yatakuozeshea mizizi. Changanya makopo mawili ya mchanga wa mtoni wenye chenga, moja la kokoto za milimita 3 hadi 5, moja la mboji iliyoiva. Udongo mwekundu mtupu acha. Ukikauka unakuwa tofali. Chomeka kijiti cha mshikaki hadi chini ya chungu: kikitoka na unyevu, subiri. Juni na Julai unaweza kukaa wiki tatu bila kumwagilia. Mvua za Desemba zikianza, vyungu viingie chini ya paa.

shada_la_ipagala:
Niongezee. Krasula ikitoa tawi la kijani tupu, likate mpaka chini kwenye kifundo chenye mabaka, maana hukua haraka kuliko mengine na litaumeza mmea. Tawi jeupe tupu linapendeza, lakini usilipande peke yake. Halina cha kujilishia, litakufa. Kipando kizuri ni tawi la sentimita 8 hadi 10 ambalo shina lenyewe lina mistari ya rangi zote mbili.

Kagua pia makwapa ya majani. Pamba nyeupe pale ni vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Wafute kwa kijiti cha pamba chenye spiriti, rudia kila baada ya siku saba.

baraza_nkuhungu:
Asanteni sana. Kokoto za saizi hiyo sipati, vumbi la kokoto la mafundi litafaa?

mzee_wa_vyungu:
Likiwa hivyo hivyo, hapana, linaganda. Lichekeche kwa wavu wa dirisha, kinachopita tupa, kinachobaki osha mpaka maji yatoke meupe.